Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mitaala: mlichokikata kwenye picha ndilo somo lenyewe

Kwa: Wakuza mitaala, wahariri wa vitabu vya kiada, watunga mitihani na wakuu wa shule

YAH: PICHA ZA WATU KATIKA KUFUNDISHA SANAA, HISTORIA NA UTAMBULISHO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika hadharani kwa sababu milango yote ya ndani nimeshaibisha hodi. Barua yangu ya kwanza ilipita kwa mkuu wa shule kama taratibu zinavyotaka, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, ikalala. Nilipokumbushia, nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba picha za vitabuni ni kazi ya wasanifu wa kurasa na hazihusiani na taaluma. Kisha kwenye semina ya walimu, nilipolileta suala hilo mbele ya wenzangu, mwezeshaji alinitaka niachane na mapambo nimalize mada, kwani mitihani imekaribia. Watu wakacheka, tukaendelea na ratiba.

Waheshimiwa, picha ya mtu haikuwekwa kitabuni kupendezesha ukurasa. Ni ushahidi, tena ushahidi mjanja. Aliyechorwa alikuwa na jambo alilotaka tumwamini nalo, aliyelipa alikuwa na lake, na mchoraji hakukosa la kwake. Mwanafunzi anayefundishwa kuwahoji hawa watatu anapata historia, anapata sanaa, na anaanza kujiuliza yeye mwenyewe ni nani na nani anamsemea. Asiyefundishwa hubaki kuamini kila uso unaomtazama, na siku hizi nyuso zinazomtazama ni nyingi mno, kuanzia mabango ya uchaguzi hadi kioo cha simu.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili atakayejibu ajue anajibu lipi.

1. Picha zinakatwa, na kinachokatwa ndicho kilichobeba maana.

Chukueni Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Vitabu ninavyofundishia vinamwonesha uso na ile kola yake pana ya lesi, basi, kwa ukubwa wa stempu. Picha yenyewe, iliyochorwa na Marcus Gheeraerts Mdogo mnamo 1592 hivi, ina urefu wa zaidi ya mita 2 na inamwonesha mwili mzima. Malkia amesimama juu ya ramani ya Uingereza, viatu vyake vikiikanyaga nchi. Nyuma yake, upande mmoja mbingu zimetulia na jua linawaka. Upande mwingine kuna giza na radi. Alikuwa anakaribia miaka 60, bila mume wala mrithi aliyetajwa, na washauri wake waliujali uso wake kiasi kwamba mwaka 1596 baraza lake liliagiza picha zake zisizomstahi ziharibiwe. Nikiwapa wanafunzi picha nzima, hawachelewi kuuliza kwa nini mwanamke huyu amekanyaga nchi. Hapo somo la mamlaka limeshaanza, mimi sijafungua kinywa. Nikiwapa ule uso wa stempu, wanageuza ukurasa.

Louis wa 14 wa Ufaransa yamemkuta hayohayo. Hyacinthe Rigaud alimchora mwaka 1701, mfalme akiwa ameshapita miaka 60, lakini chini ya joho lake la kifalme ametoa mguu ulionyooka kama wa kijana mcheza ngoma, kiatu kikiwa na kisigino chekundu. Mfalme huyu ujanani alikuwa akicheza baleti mbele ya watu wake, na bado alitaka wamkumbuke hivyo. Picha iliagizwa ipelekwe kwa mjukuu wake aliyekuwa amepata ufalme wa Hispania. Ilipokamilika babu akaipenda, akabaki nayo. Sasa nyinyi mmeikata kifuani. Kilichobaki ni mzee mwenye nywele za bandia.

Na ile ya Hans Holbein ya mwaka 1533, ya mabalozi wawili wa Ufaransa? Chini kabisa, kati ya miguu yao, kuna umbo refu lililopinda ambalo ukilitazama kwa mbele halieleweki. Ukisogea pembeni ya picha na kutazama kwa mshazari, linageuka fuvu la kichwa. Mchoraji aliweka kifo miguuni pa watu wawili vijana, wasomi, waliovaa manyoya na hariri, kisha akakificha. Kitabu kimoja ninachokitumia kimeikata picha hiyo juu kidogo ya fuvu, ili maandishi yapate nafasi.

2. Maelezo chini ya picha yanadanganya kwa kunyamaza.

"Napoleon akivuka milima ya Alps." Ndivyo ilivyoandikwa, hakuna zaidi, kana kwamba mpiga picha alikuwa amesimama kando ya njia. Mnaijua hiyo picha: farasi mweupe amesimama kwa miguu ya nyuma, joho linapepea, mkono unaonesha juu. Aliyeichora ni Jacques-Louis David, na kati ya 1801 na 1805 yalitoka matoleo matano. Ya kwanza iliagizwa na mfalme wa Hispania. Napoleon alikataa kabisa kukaa ili achorwe. Mwezi Mei 1800 alipovuka njia ya mlima ya Great St Bernard alipanda nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, akiongozwa na mwenyeji, siku chache baada ya jeshi lake kupita. Mwambani, chini ya farasi, David ameandika majina matatu: Bonaparte, Hannibal, na la Karolo Mkuu kwa Kilatini, hao wawili wakiwa majemadari wa kale waliovuka Alps na majeshi yao. Nusu karne baadaye Paul Delaroche akaichora safari ileile upya. Safari hii Napoleon yuko juu ya nyumbu, amevaa koti la kijivu, amejikunyata kwa baridi.

Huwa naziweka hizo mbili ubaoni bega kwa bega, maelezo nimeyafunika kwa karatasi, nauliza ipi inasema kweli. Darasa zima huchagua ya nyumbu, kwa sababu ndiyo isiyojisifu. Mwaka mmoja binti mmoja wa nyuma akauliza huyo Delaroche alizaliwa lini. Nikamwambia 1797. Akapiga hesabu kwa vidole: kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka mitatu. "Na yule David, yeye alikuwepo huko mlimani?" Hakuwepo. "Mwalimu, basi hapa hatuna shahidi." Wenzake wakaanza kubishana kama mtu ambaye hakuwepo anaweza kusema kweli kuliko mwingine ambaye hakuwepo, na kwa vigezo gani. Ninafundisha miaka mingi. Mjadala kama ule sijawahi kuupata kutoka katika aya ya kitabu. Umepatikana kwa picha mbili na kipande cha karatasi cha kufunikia maelezo.

Watoto hao wakishayazoea maswali ya namna hii, nikiwaletea ile picha ya mfereji wa Moscow, ambamo Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, anatembea kando ya Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, na kisha toleo la baadaye ambamo Yezhov hayupo na mahali pake pamejazwa maji, hawashangai kuwa picha inaweza kughushiwa. Wanauliza aliondolewa lini. Alipigwa risasi mwaka 1940. Naomba mkumbuke kwamba hawa ndio vijana mnaolalamika kila siku kuwa wanaamini kila wanachokiona mtandaoni.

3. Wenye vyeo wana majina, waliobaki ni "mtumwa", "mtumishi", "mwanamke wa Kiafrika".

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapa.

Mwaka 1650 Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, alikuwa Roma, na pamoja naye alikuwepo mtu aliyemmiliki kama mtumwa, Juan de Pareja, aliyekuwa akimsaidia kazi za karakana. Velázquez alimchora. Picha hiyo ilioneshwa hadharani kwenye jengo la Pantheon mwezi Machi mwaka huohuo. Leo iko Metropolitan Museum, New York. Pareja anatazama moja kwa moja, mkono umepita kifuani, kola nyeupe ya lesi, na machoni pake hakuna unyonge wowote. Mwezi Novemba Velázquez alitia saini hati ya kumwachia huru, lakini kwa sharti la kuendelea kumtumikia miaka minne mingine. Baadaye Pareja akawa mchoraji kwa jina lake. Katika picha yake kubwa ya mwaka 1661 inayohusu kuitwa kwa Mtakatifu Matayo, iliyoko makumbusho ya Prado, Madrid, alijichora mwenyewe pembeni kabisa, ameshika karatasi yenye jina lake. Jamani, hapo kuna mada nzima! Mtu yuleyule amechorwa mara mbili, kwanza na aliyemmiliki, kisha na mkono wake mwenyewe. Katika kitabu kinachotumika shuleni kwangu yupo kwenye sura ya Velázquez, chini ya maneno "mtumishi wa mchoraji".

Miaka 150 baadaye, mwaka 1800, Marie-Guillemine Benoist alionesha Paris picha ya mwanamke mweusi aliyeketi kitini, kilemba cheupe kichwani. Ufaransa ilikuwa imeupiga marufuku utumwa katika makoloni yake mwaka 1794. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha. Picha imesimama katikati ya tarehe hizo mbili. Kwa zaidi ya karne mbili ilijulikana kwa rangi ya mwanamke yule tu. Mwaka 2019, katika maonesho ya makumbusho ya Musée d'Orsay, iliwekewa jina lake: Madeleine. Watafiti walilitafuta jina hilo hadi wakalipata. Vitabu vyenu vilivyochapwa baada ya mwaka huo bado havijalichukua.

Kisha yupo Ayuba Suleiman Diallo, mzaliwa wa Bundu, katika Senegal ya leo, mtoto wa ukoo wa wanazuoni. Mwaka 1731 alikamatwa, akauzwa, akapelekwa Maryland kwenye mashamba ya tumbaku. Barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu iliangukia mikononi mwa Waingereza, wakavutiwa na elimu yake, naye akafika London mwaka 1733. Huko William Hoare alimchora akiwa na kanzu nyeupe na kilemba, Kurani imening'inia shingoni. Diallo alitaka kuchorwa na mavazi ya kwao. Mchoraji akasema hawezi kuchora vazi ambalo hajaliona. Diallo akamuuliza ni kwa nini basi wachoraji wao wanathubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyepata kumwona. Kisa hiki kilichapishwa mwaka 1734 na Thomas Bluett, aliyemfahamu. Vazi likachorwa kwa maelezo yake. Lakini msimgeuze malaika: alikamatwa akirudi kutoka safari ya kuuza watu wengine. Wanafunzi wangu hukwama hapo, na ni vizuri wakwame, kwa kuwa wamezoea vitabu vinavyogawa watu kuwa wema na wabaya kabla ya mwalimu hajaingia darasani.

Nyongeza moja. Mnapotuletea sanamu za wafalme wa Wakuba, kabila la Kongo, zile ziitwazo ndop, mnaziweka kwenye ukurasa wa "sanaa za jadi" pamoja na vinyago na vyungu. Zile ni picha za watu. Mfalme ameketi amekunja miguu, uso umetulia, na wote wanakaribiana kwa sura; anayetaka kujua ni nani hutazama alama iliyowekwa mbele yake. Shyaam, aliyetawala karne ya 17, ana ubao wa mchezo wa jamii ya bao. Mwingine ana ngoma. Kwa hiyo wapo waliosema mtu hatambulikani kwa pua na macho, hutambulikana kwa alichokileta katika utawala wake. Wekeni hilo kando ya Louis na kisigino chake chekundu muone watoto watakavyosema.

4. Sanaa na historia zimetenganishwa kama maji na mafuta.

Mwalimu wa sanaa anafundisha kivuli na mwanga bila kutaja mwaka. Mimi nafundisha mwaka bila kutaja mwanga. Zile nyuso za Fayum, zilizochorwa Misri enzi ya utawala wa Roma, nyingi kwa nta iliyotiwa rangi juu ya ubao mwembamba, kisha zikafungwa juu ya maiti, ni za nani? Ni za somo langu au la mwenzangu? Watu wale walikuwa na majina ya Kigiriki, mitindo ya nywele ya Kirumi na mazishi ya Kimisri. Nta na ukavu wa Misri vimezihifadhi rangi zikatufikia. Kwenye ratiba yetu hazina kipindi, basi hazifundishwi.

5. Mwanafunzi anaangalia nyuso za wengine miaka yote, uso wake hauitwi ubaoni.

Anamaliza shule hajawahi kujichora. Au amejichora mara moja akiwa mdogo, macho yakiwa juu ya paji la uso, kwa sababu hakuna aliyemwonesha kuwa macho yapo katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Apime kwa penseli mbele ya kioo: watoto wote hubisha, kisha hupima, kisha hunyamaza.

Tatizo la pili ni rangi. Kwa miaka mingi kampuni ya Crayola ilikuwa na kalamu ya nta iliyoitwa kwa jina la nyama ya mwili wa binadamu, na rangi yake ilikuwa ya waridi hafifu. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1962. Jina limekwenda, mazoea yamebaki. Mtoto mweusi akiambiwa ajichore, ama huchukua ile ya waridi kwa kuwa ndiyo "ya ngozi", ama huchukua nyeusi tupu, na uso unakufa hapohapo. Hakuna kitabu cha sanaa kati ya mlivyotuletea kinachoeleza jinsi ya kuichanganya ngozi. Si siri: nyekundu na njano, na bluu kidogo sana, inatoka kahawia, ukitaka iangaze ongeza njano ya udongo kabla ya kukimbilia nyeupe, maana nyeupe huifanya ngozi ionekane imepakwa majivu. Mpiga picha wa Brazili Angélica Dass alianza mwaka 2012 mradi wa kupiga picha watu, kuchukua rangi ya kijisehemu cha pua zao, na kuijaza nyuma ya kila mmoja. Kwenye maelfu ya picha hizo hutamkuta mtu mweusi tii wala mweupe pee. Onesheni watoto picha ishirini tu za mradi huo, kisha waambieni wachanganye rangi ya mkono wao. Ubishi wa nani ni mweupe kuliko nani utabadilika sura.

Na wapo wa kuwafundisha kwamba kujichora ni kujisemea. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, alijichora kwa brashi, kalamu na sindano ya kuchorea shaba takriban mara 80, toka ujana hadi uzee, bila kuficha mkunjo. Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alichora picha zake mwenyewe zipatazo 55. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland na kutoroka, alipigwa picha takriban 160, hakuna Mmarekani wa karne ya 19 aliyepigwa nyingi zaidi, na alihakikisha hatabasamu, kwa sababu wachora katuni wa wakati wake walijaza magazeti na mtumwa anayechekacheka. Alijua kamera ni silaha. Vijana wetu wanayo mfukoni, sisi tunawafundisha kuizima tu.

Sasa, najua mtakayosema, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa.

Mtasema hakuna fedha, haki za picha ni ghali. Picha nyingi nilizozitaja wachoraji wake wamekufa karne zilizopita. Tangu mwaka 2017 Metropolitan Museum imeziweka wazi picha zaidi ya 375,000 za kazi zake ambazo haki zake zimekwisha, mtu yeyote achukue na achape bila malipo, na Rijksmuseum ya Amsterdam ilishatangulia kufanya hivyo. Tena mimi sidai picha zaidi. Nadai chache, kubwa na nzima. Punguzeni stempu.

Mtasema hakuna muda. Dakika kumi mwanzoni mwa kipindi: dakika moja ya kutazama kimya, kisha kila mmoja anataja anachokiona kabla ya anachokidhani, kisha tunauliza nani alilipa na nani alipaswa kuiona, mwisho tunafunua maelezo. Dakika hizo zinarudi zenyewe, kwa sababu mwanafunzi aliyebishana kuhusu nyumbu wa Napoleon hahitaji kukaririshwa mwaka 1800.

Mtasema walimu wa historia hawana utaalamu wa sanaa. Hatuhitaji kujua kuchora. Tunajua kuhoji barua ya zamani: nani aliandika, lini, kwa nani, anaficha nini. Maswali ni hayohayo. Tunachokosa ni mwongozo wa mwalimu wenye ukurasa mmoja kwa kila picha, na huo ni wa kwenu kuuandika.

Mtasema haitahiniwi. Watunga mitihani, hilo mnaniambia mimi?

Lipo pingamizi moja ambalo silichukulii kwa wepesi, nalo ni la wazazi wanaoona kuchora viumbe wenye roho hakufai katika dini yao. Huyohuyo Diallo alichukia picha, na Bluett anaeleza kuwa alikubali kwa shida, baada ya kuhakikishiwa kuwa picha haitaabudiwa na inatakiwa kwa ajili ya kumkumbuka tu. Sultani Mehmed wa Pili wa dola ya Kiislamu ya Osmani, aliyeiteka Constantinople (Istanbul ya leo), alimwita mchoraji Gentile Bellini kutoka Venice, na picha yake yenye tarehe ya 1480 ipo hadi leo. Waislamu wenyewe wametofautiana katika hili, na darasa la historia linaweza kulisema hilo kwa adabu. Lakini mtoto ambaye nyumbani kwao wamekataa asilazimishwe kuchora uso. Mwacheni ajieleze kwa njia ya Wakuba, kwa vitu vinavyomtambulisha, au kwa jina lake alilolipamba kwa maandishi. Kazi yake ipate alama sawasawa na za wenzake.

Faragha nayo ni hoja ya kweli. Picha anazojichora mwanafunzi ni zake. Zisipigwe na kurushwa mitandaoni kutangaza shule bila ridhaa yake na ya wazazi wake. Shule zinazofanya hivyo zipo, na zinajijua.

Ninayoomba ni haya:

(a) Toleo lijalo la vitabu vya kiada lichape picha za watu zikiwa nzima, zisipungue nusu ukurasa. Pale ambapo imebidi kukata, iandikwe kuwa imekatwa.

(b) Chini ya kila picha pawepo jina la aliyechorwa kama linajulikana, jina la mchoraji, mwaka, aliyeiagiza, na mahali ilipo sasa. Kama jina la aliyechorwa halijulikani, iandikwe "jina lake halikuhifadhiwa", ili mwanafunzi aulize ni kwa nini.

(c) Kila mtihani wa historia uwe na swali moja la picha, la kuchambua, lisiwe la kutaja jina.

(d) Vipindi vichache kwa mwaka viunganishe walimu wa sanaa na wa historia, na kila mwanafunzi ajichore angalau mara moja katika kila ngazi, kwa rangi zinazoweza kuchanganywa zikafikia ngozi yake.

(e) Jopo linalochagua picha za vitabu lisiachiwe wasanifu wa kurasa peke yao. Ninawaheshimu, lakini wao wanatafuta nafasi, sisi tunatafuta ushahidi.

Naomba jibu la maandishi kabla vitabu vya toleo lijalo havijapelekwa kiwandani, maana baada ya hapo mtaniambia, na kwa haki, kwamba vimeshachapwa. Aya za kwanza mnazoweza kuanza nazo ni zile za Pareja na Madeleine. Kurekebisha maneno yaliyo chini ya picha zao hakuongezi hata ukurasa mmoja.

Wenu katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu wa historia

Kiambatisho: Orodha ya picha zilizokatwa katika vitabu vinavyotumika, pamoja na nakala nzima za picha hizo.

Nakala: Walimu wa sanaa na historia, kamati za wazazi